Sura ya Tano: Vidole vya Glenmarsh Court

"Tatizo ni vidole vyao, mama. Geti letu ni zima," alisema Bwana Lombard, meneja wa jengo.

Alisema kwa upole, kama daktari anayewapa jamaa za mgonjwa habari wasizozipenda. Ofisi yake ilikuwa katika nyumba ya zamani mtaani Berea, Durban, na kutoka dirishani ungeweza kuliona jengo lenyewe, Glenmarsh Court, ghorofa sita za matofali mekundu, na mbele yake geti jipya la chuma linalozunguka, lile linalopitisha mwili mmoja tu kwa zamu.

Agathe Ciza hakugeuka kulitazama. Alikuwa inspekta wa polisi ya upelelezi kule Uvira kabla vita havijamleta Durban, na alikuwa bado na mazoea ya kumtazama mtu mikono badala ya macho. Siku hizi alimfanyia kazi wakili Ambokile, Mtanzania mwenye ofisi ndogo juu ya duka la simu katikati ya mji. Mikono ya Lombard ilikuwa imetulia juu ya meza.

"Vidole vina nini?" aliuliza.

"Vimelika. Wageni wengi wanafanya kazi za saluni. Zile dawa za kulainisha nywele zinakula ngozi. Wanaume wao ni mafundi, wanashika saruji kutwa. Mashine ya geti inasoma alama za kidole. Alama zikifutika, itasoma nini?"

"Na wapangaji wa hapa hapa? Hakuna hata mmoja aliyekataliwa?"

"Hakuna aliyelalamika kwangu."

"Kwa nini msiwape hao wengine kadi?"

"Kadi zinaazimwa. Ni suala la usalama."

"Na familia ya Yvette?"

Kwa mara ya kwanza mkono mmoja ulisogea, ukaenda kunyoosha tai. "Ile fleti ilikuwa imetelekezwa. Tuliikuta tupu. Mimi naijua sheria, mama. Huwezi kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Mimi sijamtoa mtu."

"Naweza kuona kumbukumbu za mashine?"

"Lete amri ya mahakama," alisema Lombard, akatabasamu.

Agathe aliteremka barabarani akiwa na hasira ya mtu aliyepewa jibu zuri. Kwamba Lombard alikuwa anadanganya, hilo hakuwa na shaka nalo. Lakini uongo wake aliufuma kwa uzi wa kweli. Yeye mwenyewe, huko Uvira, aliwahi kuhangaika na wachoma chokaa ambao vidole vyao viliacha madoa tu kwenye karatasi.

Yaliyotokea yalijulikana na kila Mkongo na kila Mrundi wa mjini. Asubuhi moja geti lilianza kuwakatalia wageni wa Glenmarsh Court. Kutoka, lilikuwa halina neno. Kuingia, taa ilikuwa nyekundu. Yvette na mumewe na watoto walitoka wote Jumapili kwenda kanisani. Waliporudi vitanda vyao vilikuwa barabarani, na mlango wa fleti una kitasa kipya. Tangu hapo kila fleti ya mgeni iliacha mtu mmoja ndani. Huyo hakutoka kabisa. Wengine walilala kwa ndugu, kwa marafiki, nyuma ya maduka, na chakula kilipitishwa kati ya nondo za geti.

Kuuvunja uongo wa Lombard, Agathe alijiambia, kulihitaji mojawapo ya vitu viwili: kidole kilicholika ambacho geti linakifungulia, au kidole kizima ambacho geti linakikataa.

Kimoja kilikuwa kinamsubiri kwenye robot, taa za barabarani za kona, kimevaa ovaroli.

"Mama Agathe? Njo miye Steve. Miye njo nilipiga simu."

Steve Daniel alikuwa mtu wa Kalemie, fundi wa karo, yaani vigae, mpole na mwenye mabega mapana. Yeye peke yake kati ya wageni wa jengo lile ndiye aliyekuwa bado anaingia na kutoka. Alibonyeza dole gumba kwenye mashine. Taa ikawa ya kijani.

Ndani ya kibanda cha kioo alikaa Bhekani, mwangalizi wa jengo, kijana wa Kizulu mwenye uso wa mtu asiyelala vizuri. Alimkagua Agathe kwa muda.

"Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Mgeni wa kutembelea anaingia mara moja kwa mwezi. Sheria mpya. Ukitoka, ndiyo basi."

"Nimesikia."

Chuma kilizunguka nyuma yake kikalia kama mnyororo. Walipanda ngazi. Kwenye ghorofa ya kwanza mwanamke alichungulia kupitia grili ya mlango wake, akamwona Steve, akafunga mlango wa mbao kwa kishindo.

"Unaona?" Steve alisema. "Banasema miye njo nabauzisha kwa muzungu. Juu ya nini? Juu kidole yangu inafungua. Miaka mbili tunakula pamoja, sasa hata salamu hapana."

"Na wewe umewauza?"

Alisimama kwenye ngazi. "Mama, ningekuwa nimebauzisha, ningekuita weye?"

"Wengine hufanya hivyo," alisema Agathe. "Twende."

Harufu waliikuta kabla ya mlango. Ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, Papa Onesphore alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu wa kushoto juu ya ndoo iliyopinduliwa, umefungwa kitambaa. Alikuwa mwalimu wa shule huko Rumonge, Burundi. Durban alilinda magari kwenye maegesho ya duka kubwa, mpaka asubuhi ile ya geti. Aliishi peke yake. Kwa hiyo mtu wa kubaki ndani ya fleti yake alikuwa yeye tu, na kutoka alikuwa hajatoka.

Agathe aliinama akafungua kitambaa, akakifunga tena.

"Papa, una sukari?"

"Muda mrefu."

"Huu mguu unataka hospitali leo. Si kesho."

"Nikitoka hapa nitarudi wapi?" Aliuliza kama mwalimu, akisubiri jibu. "Nitalazwa. Fleti itakuwa tupu. Yvette alienda tu kusali. Miye nitakuta kitanda changu barabarani, na mguu wangu bado unauma."

"Hakuna wa kukaa humu badala yako?"

"Kila nyumba iko na mtu mmoja tu. Akikaa kwangu, yake inaenda."

"Miye nitakaa, Papa," Steve alisema kutoka mlangoni. "Kidole yangu inafungua bado, bataona miye naingia na natoka, kwangu habatagusa. Nipe ufunguo."

Mzee hakumtazama. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mama, mwambie huyu bwana asimame nje. Heri mguu uoze kuliko kumpa Yuda ufunguo."

Steve alitoka mwenyewe.

Agathe alivuta kiti. Alijua kwamba kumbembeleza mzee hakutasaidia. Mtu aliyefungiwa kwa hofu hufunguliwa kwa uthibitisho, na uthibitisho ndio kazi yake. Alitoa kwenye mkoba pedi ya wino wa mihuri na karatasi nyeupe, akamwita Steve arudi.

"Nani alikusajili kwenye mashine?"

"Bhekani. Nilikuwa naweka karo za kule chini, za mapokezi."

"Ulimwonyesha karatasi ya ukimbizi?"

"Nilimwonyesha. Hakuiangalia sana. Aliandika jina tu. Steve Daniel. Daniel ni jina ya papa yangu."

"Lete dole gumba."

Alilibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Doa jeusi lilitokea, laini, lenye mstari mmoja au miwili pembeni. Saruji na gundi ya karo zilikuwa zimefanya kazi yake. Agathe alimsogezea Onesphore karatasi.

"Lombard anasema geti linakataa vidole vilivyolika. Hiki kimelika kuliko vyote. Linakifungulia."

Onesphore aliitazama kwa makini, kisha akatikisa kichwa. "Hiyo inathibitisha ninachosema. Bwana wake amemfungulia makusudi."

Lilikuwa pingamizi zuri. Wakili wa Lombard angesema hivyo hivyo.

"Papa, wote waliokataliwa ni wageni?"

"Wote. Wakongo, Warundi, na mke wa Pierre-Claver."

"Kwa nini umemtaja peke yake?"

"Deborah? Yeye ni mtoto wa hapa, wa Sydenham. Lakini ameolewa kwetu, tunamhesabu wa kwetu."

Agathe alikuwa ameshasimama.

Deborah Nzeyimana aliishi ghorofa ya nne. Alifungua mlango wa mbao, akaacha grili imefungwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kufundishwa na mume, kifupi na cha moja kwa moja.

"Mimi sizungumzi na mtu wa Steve."

"Zungumza na mtu wa wakili basi. Unafanya kazi gani?"

"Mapokezi. Kwa daktari wa meno, Overport. Nilikuwa. Sasa niko jela hapa." Alicheka bila furaha. "Eish, mama, bibi yangu alizaliwa Sydenham. Mimi nikakataliwa kama mgeni nyumbani kwangu."

"Uliuliza sababu?"

"Nilipiga simu kwa ofisi. Msichana akaniambia, acha dawa za saluni. Mimi! Hata nywele zangu nasukwa na watu."

"Hakukuuliza kwanza kazi yako?"

"Hakuuliza kitu. Aliuliza jina tu."

"Kabla ya ndoa ulikuwa unaishi wapi?"

"Hapa hapa, ghorofa ya pili. Deborah Meyer. Kidole kilifungua kila siku. Tukaoana, nikaenda kwa Bhekani, akabadilisha jina kwenye mashine. Bado kikafungua. Halafu ile asubuhi, nyekundu."

"Pitisha mkono kwenye grili."

Dole gumba la Deborah liliacha kwenye karatasi mistari safi, imezungukana kama pete za mti uliokatwa. Wala hapakuwa na doa.

Agathe hakutaka kulisema hilo faraghani. Steve alikuwa amekosewa mbele ya macho ya wote. Alisimama kwenye ngazi kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akaita. Milango ya mbao ilifunguka mmoja mmoja, nyuso zikaja kwenye grili. Hakuna aliyethubutu kuvuka kizingiti chake. Onesphore alijikokota mpaka mlangoni akishika ukuta.

"Nisikilizeni," alisema Agathe. "Steve ni mgeni na kidole chake kimelika. Geti linamfungulia. Deborah ni mzaliwa wa mji huu, na kidole chake ni kizima. Geti linamkataa. Kama ingekuwa ni ngozi, ingekuwa kinyume. Kama wangechagua kwa karatasi za ukimbizi, Deborah angebaki na Steve angefutwa. Sasa niambieni, mashine inajua nini kuhusu Steve na Deborah ambacho macho yetu hayakioni?"

Bomba la maji liligugumia mahali fulani ukutani.

"Nzeyimana," Onesphore alisema polepole. "Na Daniel. Walisoma majina." Alimtazama Steve, aliyekuwa amekaa ngazi za chini, mgongo kwa watu. "Walidhani wewe ni mtu wa hapa."

"Njo hivyo, Papa," Steve alijibu bila kugeuka.

Mzee aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na ufunguo. Aliunyoosha kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kama Warundi wanavyompa mtu wanayemheshimu. "Mwanangu, nilikutukana. Shika."

Pierre-Claver, mume wa Deborah, alikuja na gari la kuazima, akasimama nje ya geti. Hakuwa amelala kitanda kimoja na mke wake tangu geti lianze kumkataa. Deborah alimwona kutoka dirishani tu. Steve alimbeba Onesphore mpaka chini, Agathe akishika mkoba wa mzee. Geti lilimtoa mzee bila shida. Bhekani, ndani ya kibanda, alifuata kwa macho, kisha akainua simu.

Agathe na Steve walipanda haraka mpaka kwenye fleti ya mzee, Agathe akampigia Ambokile.

"Dada Agathe, hoja yako ni nzuri sana," wakili alisema. "Lakini Lombard atasema vidole viwili ni bahati mbaya ya mashine. Jaji atataka kujua nani alifuta, na kwa amri ya nani. Njoo ofisini tuandike."

"Nikitoka sirudi tena. Nao wanakuja."

"Nani wanakuja?"

"Usikate simu. Nyamaza usikilize."

Aliiweka simu mezani, spika wazi. Steve alisimama katikati ya chumba, mikono mitupu. Hawakungoja sana. Hatua za watu wawili zilikuja kwenye korido, halafu drili ikalia kwenye kitasa cha grili.

Agathe alifungua mlango wa mbao. Nje ya grili, fundi wa vitasa aliruka nyuma, drili bado inazunguka.

"Umeniambia fleti ni tupu!" fundi alimwambia Bhekani.

"Mmekuja na amri ya mahakama?" Agathe aliuliza.

Fundi alimtazama Bhekani, Bhekani akatazama sakafu. Fundi akazima drili, akafunga sanduku lake. "Mimi simo," alisema, na akaondoka.

Bhekani hakuondoka. Alikuwa kama mtu aliyesahau njia.

"Lombard aliniambia mzee ametoka," alisema. "Aliniambia nifanye haraka."

"Kama ulivyofanya kwa Yvette."

"Nina watoto, mama. Nalala chumba cha nyuma ya jengo hili hili. Nikikataa, mimi ndiye nitakuwa nje."

"Nani alikupa orodha ya vidole vya kufuta?"

"Hapakuwa na orodha. Alikuwa kwenye simu. Akaniambia, nisomee majina yaliyomo kwenye mashine. Nikasoma moja moja. Nikikwama kulitamka, anasema, hilo futa."

"Nzeyimana?"

"Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema futa yote mawili, la mume na la mke."

"Daniel?"

"Alisema, endelea."

Nyuma ya Agathe, Steve alivuta pumzi ndefu. Agathe alichukua simu mezani akaionyesha kupitia grili. Alijua anachomfanyia kijana yule, na hakuona njia nyingine.

"Wakili amesikia, Bhekani. Amesikia kila neno."

Bhekani aliitazama simu ile. Hakuinua sauti.

"Umenimaliza," alisema.

"Njoo uyaseme mwenyewe mbele ya jaji. Tutakuwa upande wako."

"Upande wangu uko wapi, mama?" Akageuka, akateremka.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa bara Ambokile alipofika getini, joho lake la mahakama mkononi, amefuatana na askari mwanamke wa kituo cha polisi. Nchini Afrika Kusini askari anaweza kumwapisha mtu, na bila kiapo maneno ya Agathe yalikuwa hewa tu. Bhekani alikuwa hayuko kibandani. Mashine ilikuwa inawaka yenyewe.

Agathe alisimama upande wa ndani, wakili upande wa nje. Ambokile alipitisha karatasi kati ya nondo.

"Umeisoma yote?" askari aliuliza. "Unaelewa yaliyoandikwa? Kiapo hiki kinafunga dhamiri yako?"

"Kinafunga."

"Inua mkono wa kulia."

Aliuinua, akaapa, akasaini akiwa ameegemeza karatasi kwenye chuma. Askari akapiga muhuri.

"Haya, toka sasa," askari alisema. "Tutakupeleka nyumbani."

Kabla Agathe hajajibu, Steve alifika kutoka dukani na mkate kwapani. Alikuwa ametoka dakika chache tu, akimwachia Deborah jukumu la kusikiliza mlango wa mzee kutoka ghorofa ya juu. Alibonyeza dole gumba. Nyekundu. Akalipangusa kwenye ovaroli, akabonyeza tena.

Nyekundu.

"Lombard amejifunza," Ambokile alisema polepole. "Amefuta na wewe."

Steve alibaki amesimama, mkate umeanza kuponyoka. Fleti yake ilikuwa tupu. Ya Onesphore ilikuwa tupu. Ndani ya geti kulikuwa na mtu mmoja tu asiye na fleti ya kulinda.

Agathe alifikiria haraka. Hakuweza kukaa kwenye fleti mbili. Alimtazama askari. "Afande, umeona kwa macho yako. Mpangaji huyu amezuiwa kuingia kwake bila amri ya mahakama. Ni kosa."

Yule mwanamke alikuwa na umri wa Agathe, viatu vyake vimechakaa. Aliutazama mkate, akaitazama taa. Kisha akaenda kwenye kibanda, akapenyeza mkono kwenye kidirisha, akabonyeza kitufe cha kuwafungulia wanaotembelea.

"Pita," alimwambia Steve. "Mara hii moja. Kesho sitakuwa hapa."

Chuma kilizunguka. Steve aliingia, naye sasa amefungiwa ndani kama wengine wote. Ambokile alikuwa ameshakunja hati ya kiapo ndani ya joho. "Ombi la dharura litasikilizwa kesho asubuhi," alisema. "Sikuahidi kitu, dada."

"Nenda, Wakili."

Walipanda. Steve alimpa Agathe ufunguo wa mzee akaenda kwake, kwa mara ya kwanza akipita mbele ya milango iliyokuwa wazi. Mwanamke wa ghorofa ya kwanza alimpa bakuli la mboga, bila maneno. Agathe aliingia kwa Onesphore, akafungua dirisha ili harufu itoke.

Simu ilipolia usiku ilikuwa namba ya Pierre-Claver, lakini sauti ilikuwa ya mzee, nzito kwa dawa.

"Wamekata vidole viwili vya mguu. Daktari anasema mguu umepona."

"Mungu asifiwe, Papa."

"Nyumba iko?"

"Iko."

"Steve amekaa?"

"Steve wamemfuta leo. Amekaa kwake. Hapa niko miye."

Nyuma ya mzee palisikika gari la chakula likisukumwa wodini.

"Weye hukuwa na shida yoyote hapa," alisema hatimaye. "Sasa utatoka lini?"

"Siku Papa utakapoingia."

Aliposikia mzee amelala, alikata simu, akaenda kufunga grili kwa ndani.